Jiwe Ndani ya Machela

Machela tupu haipandi mlima. Hiyo ilikuwa sheria aliyorithi Ramsakal kutoka kwa baba yake, na kabla yake ya babu yake. Haikuwa sheria ya wapagazi wote wa Rajgir, wengi waliicheka. Kushuka na machela tupu si kitu, mtu anarudi nyumbani kwake. Lakini ukipanda nayo tupu unauambia mlima kwamba huna kazi, na mlima ukishajua huna kazi, hukupa ya kwake: mguu ulioteguka, au homa ya wiki nzima. Kwa hiyo mpagazi asiye na abiria aliweka jiwe kwenye kiti. Likifika juu, linaachwa penye ukuta wa hekalu. Abiria akipatikana njiani, jiwe linashushwa palepale alipopandia yeye, kwa maana mtu na jiwe hawakai kiti kimoja.

Tetar, shemeji yake Ramsakal, ambaye hubeba machela upande wa nyuma, alikuwa mmoja wa wanaocheka.

"Watu wanapunguza mzigo, shemeji, wewe unaongeza," alisema mchana ule walipokuwa chini ya mlima wa Vaibhar, wakingoja.

"Dada yako nilimbeba hivyohivyo. Sikulalamika."

"Dada yangu ulipewa. Jiwe umelitafuta mwenyewe."

Walikuwa wamechuchumaa kando ya ngazi, pale watu wanapotokea kwenye chemchemi za maji moto wakiwa wamelowa na kutetemeka kwa baridi ya Januari. Tetar alikuwa anakula unga wa dengu uliokandwa kwa pilipili na kitunguu kibichi. Alikula haraka, akitazama barabarani, kwa sababu waliowakodi walikuwa Wajaini, na dini ya Mjaini humkataza kitunguu, wala hapendi kubebwa na pumzi yenye kitunguu.

Walifika na gari la farasi. Wa kwanza kushuka alikuwa mama mwenyewe, Dhapu, mjane wa Kimarwari, mwembamba kama fimbo ya kuchungia, sari nyeupe, miguuni soksi za pamba kwa sababu milima ile haipandwi kwa viatu. Nyuma yake alishuka mwanawe, Pukhraj, mwenye duka la vyombo vya chuma huko Chennai, mtu wa tumbo. Mkono mmoja alishika birika la shaba lenye maji yaliyochemshwa. Mkono wa pili alishika suruali. Mkanda wake ulikuwa wa ngozi, na ngozi ya mnyama haipandi pale, basi aliuacha nyumba ya wageni, na hiyo ilikuwa siku ya pili anapanda na kushuka milima huku ameshika suruali kiunoni.

"Ndugu," Mama Dhapu alimwambia Tetar kabla hata ya kusalimiwa, "umekula kitunguu."

"Kidogo tu, mama."

"Basi kaa nyuma. Upepo unatoka mbele."

"Huko nyuma ndiko ninakokaa siku zote, mama. Shemeji yangu ndiye anayeuona mlima. Mimi naona mgongo wake."

Mama akacheka. Alikuwa mwepesi wa kucheka, jambo lililowashangaza wapagazi, kwani walikuwa wameshasikia habari yake.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mumewe alipofariki, alikula kiapo mbele ya mtawa wa kike wa dini yao: samli haitagusa ulimi wake mpaka apande milima mitano ya Rajgir kwa miguu yake mwenyewe. Alidhani atapanda mwaka uleule. Lakini Pukhraj kila mwaka alikuwa na sababu. Mara duka linahamishwa, mara binti anaolewa, mara mama atibiwe jicho kwanza. Na Mmarwari bila samli ni kama mtu aliyefiwa kila siku wakati wa kula. Mkate mkavu, dengu kavu, wali mkavu. Mama Dhapu aliingia uzeeni akila vikavu, na hakuna aliyemsikia akinung'unika, ila jikoni kwake hakuna mpishi aliyedumu.

Sasa milima mitatu aliipanda jana, wa nne asubuhi hiyo, na huu wa Vaibhar ndio wa tano. Pukhraj alikuwa amekodi machela ifuate nyuma, endapo litatokea la kutokea. Kwa hiyo kwa milima minne Ramsakal na Tetar walikuwa wamebeba jiwe nyuma ya bibi anayetembea, na wapagazi wenzao walikuwa wamepata la kusema kwa mwaka mzima.

Mara ya kwanza mama alipoliona jiwe kwenye kiti aliuliza maana yake, na Ramsakal alimweleza. Hakucheka. Alisema kila mtu ana kiapo chake. Tangu hapo alikuwa akiligeukia njiani na kuliuliza kama limekaa vizuri. Leo alilichagua mwenyewe, jiwe jeusi lililochongoka upande mmoja, akalipaka liwa yenye zafarani aliyotoka nayo hekaluni, doa moja la manjano katikati, kama mgeni anavyopakwa kwenye paji la uso.

"Mzee huyu ana bahati," alisema. "Yeye anapanda kwa machela, mimi kwa miguu."

"Badilishaneni, mama," Pukhraj alisema. Hakuwa anatania. "Treni ni alfajiri. Jua nalo si letu."

"Jua si la mtu. Twende."

Jua lilikuwa na maana kwa sababu mama alikuwa anakula mara moja tu kwa siku, na jua likishazama haingii kitu kinywani mwake, hata maji, mpaka lichomoze tena. Na siku hiyo alikuwa ameongeza la kwake: hatakunywa mpaka afike kwenye nyayo za walimu wao zilizochongwa juu ya Vaibhar. Pukhraj alikuwa amebeba maji yale tangu asubuhi kama mtu aliyebeba mtoto asiyetaka kunyonya.

Wakaanza kupanda. Ngazi za Vaibhar si mbaya mwanzoni. Ni pana, na kuna mahali pa kupumzikia, na nyani wanaokaa ukutani wakitazama mifuko ya watu. Mama alipanda polepole, akiweka mguu wa kulia kwanza kila ngazi, kisha wa kushoto unaufuata. Pukhraj alikuwa nyuma yake na suruali yake. Nyuma ya Pukhraj alikuwa Ramsakal, mti wa machela begani, kisha jiwe, kisha Tetar.

Ng'ambo ya bonde, juu ya mlima mwingine, kuba jeupe la Wabudha lilikuwa linang'aa, na viti vya kamba vilikuwa vinapanda na kushuka hewani, kila kimoja na mtu wake. Ngoma ya watawa ilikuwa inasikika, moja, moja, kama mtu anayepigilia msumari bila haraka.

"Waangalie Wabudha," Tetar alisema kwa Kimagahi, lugha ambayo Pukhraj haijui. "Wananing'inia kama nguo zilizoanikwa. Wanafika juu hata jasho hawana."

"Unawaonea wivu?"

"Naionea wivu kamba. Haina bega."

"Wewe una bega? Nilidhani unaning'inia tu huko nyuma."

"Niachie basi uone nani ananing'inia."

Walikuwa wanasemezana hivyo tangu siku Ramsakal alipooa, na kama siku moja wangenyamaza, watu wa mtaani wangeuliza nani amekufa.

Walipopita jengo moja la kale la mawe lililoko njiani, mama alianza kusimama. Mwanzo alisimama kila penye kona. Kisha kila baada ya ngazi chache. Hakuwa anashika ukuta. Alisimama wima katikati ya ngazi, macho amefumba, midomo inatembea katika sala, kisha anaendelea. Ramsakal aliangalia soksi zake. Ya kushoto ilikuwa imetoboka kisiginoni, na kisigino kilikuwa kimepasuka. Alikuwa amebeba wazee wengi maishani mwake na alijua uso unavyokuwa mtu anapokaribia kuanguka. Unakuwa mtulivu kuliko kawaida.

"Tajiri," alimwambia Pukhraj, "mpe maji."

"Unadhani sijamwambia?"

Penye kona yenye mtini uliojipenyeza kwenye ukuta, Mama Dhapu aliketi. Hakuanguka, aliketi tu, kama mtu aliyefika nyumbani, akaegemea mizizi ya ule mti. Pukhraj alimwita. Alimwita tena. Kichwa chake kikalala begani na mdomo ukafunguka kidogo.

Pukhraj aliachia suruali, akaikamata tena, akapiga magoti. Aliweka mkono chini ya pua ya mama yake.

"Anapumua," alisema. "Mpandisheni."

"Tumshushe?" Ramsakal aliuliza.

"Nimesema mpandisheni. Juu ni karibu kuliko chini. Kuna kivuli, kuna mlinzi wa hekalu, kuna kitanda."

Hilo lilikuwa kweli. Ramsakal hakuwa na la kubisha. Aliweka machela chini, akalitoa jiwe kitini kwa mikono miwili, akaliweka kwenye mizizi ya mtini pale alipokuwa ameketi mama. Hakulitupa kama siku nyingine, kwa sababu lilikuwa na liwa. Kisha wakamwinua mama. Alikuwa mwepesi. Tetar alisema baadaye kwamba hakuona tofauti.

Walienda mbio kidogo, kwani mzigo mwepesi humfanya mpagazi akimbie. Ngazi za juu zilikuwa zimekatika na nyembamba, lakini miguu yao ilizijua. Walipofika kwenye lango la hekalu, Pukhraj alikuwa mbali nyuma, anahema. Walimlaza mama kwenye baraza, kichwa kwenye kitambaa cha Ramsakal. Mlinzi wa hekalu, mzee mmoja mwenye funguo kiunoni, alilowesha kitambaa akamfuta uso.

Pukhraj alifika. Alipoona mama yake anapepesa macho, aliwavuta wapagazi kando, nyuma ya ukuta.

"Sikilizeni," alisema. "Alitembea. Mnanielewa? Alichoka, akatembea hali amefumba macho, mimi nikimshika mkono. Hakumbuki, basi."

Ramsakal aliinama akakaza kamba za kiti.

"Tajiri, mimi niliona kwa macho yangu," Tetar alisema. "Alitembea kama mbuzi wa mlimani."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa mbele," Ramsakal alisema. "Wa mbele haoni nyuma."

Pukhraj alimtazama, akaona hatapata zaidi ya hapo. Uso wake ulikuwa umelowa jasho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechelewesha jambo kwa miaka, na sasa amebakiwa na alasiri moja ya kulimaliza.

Alipokwisha kwenda, Tetar aliiangalia machela. Kisha aliangalia kando ya ukuta wa hekalu, pale palipokuwa na rundo la mawe waliyoyaacha wao na waliowatangulia. Aliokota moja jeusi, akaliweka kitini.

"Unafanya nini?"

"Mzee lazima awepo. Mama atamuuliza."

"Yule alikuwa na liwa."

"Tutasema imefutika kwa jasho lako."

"Jiwe lililokwishafika juu halipandi tena machela."

"Shemeji, sheria zako ziache kwako leo. Mtu mzima anataka kula samli."

Mama Dhapu alikuwa ameketi sasa. Pukhraj alikuwa amepiga magoti mbele yake na birika la maji, kikombe tayari.

"Tumefika?" mama aliuliza.

"Umefika, mama."

Alitazama lango la hekalu, akatazama jua, lililokuwa limeanza kuelekea upande wa mashamba. Aliunganisha viganja kushukuru. Pukhraj akamimina maji.

"Sikumbuki ngazi za mwisho," alisema.

"Ulikuwa umechoka. Nilikushika mkono."

"Mkono upi?"

"Huu."

"Huo umeshika suruali, Pukhraj. Tangu jana."

Tetar aliona mambo yanaharibika, akasogea. "Ulitembea, mama. Mimi nipo nyuma naona yote. Ulitembea tukashindwa kukufuata."

Mama alimtazama kwa upole, kisha akainama pembeni kuangalia machela iliyokuwa nyuma yake. Aliangalia kitini kwa muda. Alinyoosha mkono akaligeuza jiwe, upande huu na upande ule.

"Huyu si mzee wangu," alisema.

Mlinzi wa hekalu, ambaye hakujua lolote, aliendelea kusokota utambi wa taa.

"Ramsakal," mama alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. "Mzee wangu yuko wapi?"

Ramsakal hakuwa mtu wa kupima maneno. Angeulizwa jambo pana, kama vile nini kilitokea, pengine angepata njia ya kuzunguka. Lakini aliulizwa jiwe liko wapi, naye ndiye aliyeliweka.

"Kwenye kona, mama. Penye mtini."

"Na mimi nilipandia hapo."

"Ndiyo. Hapohapo."

Pukhraj aliweka birika chini kwa kishindo, maji yakamwagika kidogo. "Nani amekuuliza wewe?"

"Mama ndiye aliyeniuliza, tajiri."

"Kwa sababu ya jiwe," Pukhraj alisema. "Kwa sababu ya jiwe la barabarani." Alimgeukia mama yake. "Mama, ulizimia. Kiapo hakimfungi mtu aliyezimia. Muulize mtawa yeyote. Umepanda milima minne na nusu kwa umri huu. Nani atakuhesabia ngazi?"

"Hakuna atakayenihesabia."

"Basi kunywa maji."

Mama alikuwa ameshika kikombe. Ramsakal aliona koo lake likimeza kitu kisichokuwepo. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Akakirudisha kikombe.

"Nipelekeni kwa mzee," aliwaambia wapagazi.

"Kushuka?" Tetar aliuliza.

"Kushuka naweza kubebwa. Sikuapa kushuka."

Pukhraj alisema treni. Alisema jua. Alisema kwamba ikiwa jua litazama kabla hajafika juu tena, atakaa na kiu mpaka asubuhi, na moyo wake hautahimili, na yeye atarudi Chennai kuwaambia nini dada zake. Alisema yote hayo kwa sauti ya chini, haraka haraka, na mama yake alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umeniahirisha miaka mingi, mwanangu," alisema. "Ahirisha treni moja."

Pukhraj aliinama akachukua birika.

Walimbeba mama mpaka penye mtini. Jiwe lilikuwa pale, na liwa yake, na nyani mdogo alikuwa amekaa karibu nalo akinusa vidole vyake. Tetar alimfukuza. Mama alishuka, akaliokota jiwe mwenyewe, akashindwa kuliinua zaidi ya magoti, Ramsakal akamalizia. Likaketi kitini.

"Jua bado lipo," Pukhraj alisema. Alikuwa amemimina maji tayari. "Hapa si dhambi. Kunywa, kisha upande."

"Nilisema mbele ya nyayo."

"Hilo ulilisema leo asubuhi tu, mama."

"La leo asubuhi na la mwaka ule yametoka mdomo mmoja."

Akaweka mguu wa kulia kwenye ngazi. Akayumba. Pukhraj alitaka kumshika, lakini birika lilikuwa mkono mmoja na suruali mkono wa pili. Alisimama hivyo, anaangalia huku na huku kama mtu aliyesahau alichofuata dukani.

Ramsakal alifungua kamba ya akiba iliyozungushwa kwenye mti wa machela, akamtupia.

"Jifunge, tajiri. Si ngozi, ni katani."

Pukhraj alijifunga kamba kiunoni, fundo mbele, kama wanavyojifunga wapagazi. Tetar alipokea birika, akalining'iniza kwenye machela pembeni ya jiwe. Na Pukhraj, kwa mara ya kwanza katika siku mbili, alikuwa na mikono miwili. Alimpa mama yake mmoja.

Mama aliutazama ule mkono. "Kiapo kilikuwa cha miguu," alisema baada ya kufikiri. "Mikono sikuitaja."

Akaushika.

Walipanda. Mguu wa kulia, kisha wa kushoto unaufuata. Ngoma ya Wabudha ilikuwa imenyamaza na viti vya kamba vimesimama. Jua lilifika kwenye ncha za mitende ya bondeni, likawa jekundu, likazama wakati mama yuko kwenye zile ngazi zilizokatika. Pukhraj aligeuza uso kuliangalia. Mama hakugeuka. Alikuwa anaangalia mahali pa kuweka mguu.

Mlinzi alikuwa amekwisha kufunga hekalu. Alipowaona alifungua tena bila kuuliza, maana wazee wa aina hiyo alikuwa anawajua. Mama Dhapu aliingia, akainama mbele ya nyayo za jiwe, akagusa paji la uso chini, akakaa hivyo. Wapagazi walibaki nje. Ramsakal alilitoa jiwe kitini, akaliweka kwenye rundo. Kisha akalitoa lile jiwe la Tetar, ambalo lilikuwa limeachwa barazani, akalirudisha mahali pake pia.

"Ungenyamaza tu," Tetar alisema. "Saa hizi tungekuwa nyumbani, miguu kwenye maji moto."

"Aliniuliza."

"Watu huulizwa mambo kila siku, shemeji. Dada yangu anakuuliza uko wapi kila jioni, mbona humjibu?"

"Yeye anajua."

Mama alishushwa mlima kwa machela, amejifunika shali mpaka puani, na Pukhraj alitembea pembeni akimulika ngazi kwa simu.

Asubuhi, baada ya jua kuchomoza na kupanda kiasi kinachotakiwa, Mama Dhapu alikunywa maji kwenye kibaraza cha nyumba ya wageni. Alikunywa akiwa ameketi, kwa vikombe vidogo vidogo, bila haraka. Treni ilikuwa imekwisha ondoka. Wapagazi walikuwa wameitwa, wakaketi kwenye ngazi, kila mmoja na kikombe cha chai. Pukhraj alikuwa bado amejifunga ile kamba. Mkanda wake ulikuwa umening'inia mlangoni, lakini labda hakuwa ameuona.

Mpishi akaleta wali wa dengu, moto, akaleta na bakuli la samli. Pukhraj mwenyewe ndiye aliyechota kijiko na kummiminia mama yake. Harufu ikapanda mpaka kwenye ngazi. Mpishi alisimama na kitambaa mkononi.

Mama alikoroga kwa vidole, akaweka tonge kinywani. Alitafuna muda mrefu, macho yakiwa kwenye sahani. Akameza.

"Imeungua," alisema. "Aliyeichemsha alikuwa na haraka."

Mpishi aliangalia sakafu. Mama alisukuma sahani mbele yake kwa kidole.

"Ongeza kijiko kingine."

Wapagazi walipoondoka kwenda chini ya mlima, Tetar alitembea kimya mpaka sokoni, jambo ambalo si kawaida yake.

"Miaka yote ile," alisema hatimaye. "Halafu anasema imeungua."

"Lakini imeungua kweli," Ramsakal alisema. "Hata mimi nilisikia harufu."

Chini ya Vaibhar palikuwa na mahujaji wapya wanashuka kwenye gari. Mmoja wao, bwana mmoja mkubwa mwenye shali mbili, alishikwa na watu wawili ili akanyage chini, na farasi akapumua. Bwana yule aliinua macho akaangalia ngazi, kisha akaangalia machela.

Tetar alitema mate kwenye viganja.

"Mshukuru baba yako, shemeji," alisema. "Leo hatutafuti jiwe."